Jinsi ya Kusoma Utabiri wa Siku Tano za Baridi na Theluji: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa theluji ukianza, lalamiko ni lile lile: "Utabiri ulisema jua na nyuzi 1, mbona asubuhi ngazi zilikuwa kioo?" Mara nyingi utabiri ulikuwa sahihi. Msomaji aliangalia kapicha ka jua na ile namba kubwa ya mchana, akafunga simu, akalala. Kilichomwangusha kilikuwa kimeandikwa kwenye siku iliyotangulia, kwenye mstari wa mvua.

Utabiri wa siku kadhaa za baridi husomwa kama hadithi, kwa mfuatano. Kinachonyesha leo ndicho utakachokikanyaga kesho kutwa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, kwa sababu kila moja hutumia jibu la ile iliyotangulia. Mara ya kwanza tenga nusu saa. Ukizoea, dakika kumi zinatosha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Utabiri wa taasisi rasmi ya hali ya hewa ya nchi uliyopo, ule wenye jedwali la saa kwa saa. Picha peke yake hazitoshi.
- Utabiri wa eneo ulioandikwa kwa maneno, kama upo. Maneno hueleza mambo ambayo picha haiwezi: "itageuka mvua kabla ya mchana", "barafu sehemu za mabondeni".
- Ukurasa wa tahadhari wa taasisi hiyo hiyo.
- Urefu wa mahali unapoishi kutoka usawa wa bahari, kwa mita. Ramani za kwenye simu nyingi huonyesha.
- Karatasi na kalamu. Andika kwa mkono, usitegemee kichwa.
- Kipimajoto cha nje, kikiwezekana. Kiweke kivulini, mbali na ukuta wa nyumba, maana ukuta hutoa joto na kukudanganya.
- Orodha ya mambo yako ya siku hizo tano: safari, zamu ya usiku, mtoto wa kupeleka shule, mgeni wa kupokea.

Hilo la mwisho watu hulipuuza, na bila hilo hutajua saa ipi uichunguze zaidi.

## Hatua ya 1: Panga siku na usiku kwa majina yasiyochanganya

Chora mistari kumi: mchana tano, usiku tano. Kila usiku uandike kwa namna tunayosema nyumbani: usiku wa kuamkia Jumatano, usiku wa kuamkia Alhamisi.

Sababu ni hii. Utabiri mwingi ukikuonyesha "Jumanne: juu 3, chini −4", hiyo −4 kwa kawaida ni ya usiku unaofuata mchana wa Jumanne. Msomaji wa Kiswahili anaposikia "usiku wa Jumanne" anaweza kuuelewa kuwa ndio unaoamkia Jumanne. Ukikosea hapo, hesabu yako yote imeteleza kwa saa 24.

Badilisha na saa pia. Jedwali huhesabu kuanzia saa sita usiku, kwa hiyo 03:00 ni saa 9 usiku, 07:00 ni saa 1 asubuhi, na 15:00 ni saa 9 alasiri. Andika zote kwa saa unazoishi nazo. Hakikisha pia kwamba jedwali liko kwenye saa za eneo lako, kwani majedwali mengine hutumia saa za kimataifa na hutanguliza au kuchelewesha kila kitu.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mtu bila kusita: "Baridi kali zaidi ni usiku wa kuamkia Alhamisi, saa 11 alfajiri."

## Hatua ya 2: Shusha utabiri wa eneo hadi mlangoni kwako

Utabiri wa eneo zima unagusa bonde, mji, pwani na vilima kwa pamoja. Wewe unaishi sehemu moja tu kati ya hizo.

Anza na urefu. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama utabiri ni wa mji ulio mita 200 nawe uko mita 700, toa takriban nyuzi 3. Mji ukiandikiwa mvua na nyuzi 2, kwako huenda ni theluji na nyuzi 1 chini ya sifuri.

Ila usiku mtulivu wenye nyota kanuni hii hugeuka. Hewa baridi ni nzito, hutiririka mabondeni na kutuama huko kama maji. Asubuhi ya namna hiyo mwenye nyumba bondeni ndiye anayeamka na sakitu nene (barafu nyeupe inayofunika majani alfajiri), na wa kilimani anashangaa.

Maji makubwa nayo yana tabia yake. Karibu na bahari usiku huwa na afueni. Karibu na ziwa kubwa ambalo bado halijaganda, upepo baridi ukipita juu ya maji hubeba unyevu na kuumwaga ng'ambo kama theluji, kwa mikanda myembamba. Kijiji kimoja hufukiwa na jirani yake ana jua. Ukiona utabiri umeandika "mikanda ya theluji upande wa chini wa upepo", yaani upande ambako upepo unaelekea, usijipime kwa habari za rafiki aliye kilomita kumi mbali.

## Hatua ya 3: Tafuta kila mahali sifuri inapovukwa

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo usiharakishe.

Pita kwenye jedwali saa kwa saa. Kila joto linapotoka juu ya sifuri kwenda chini, weka mshale wa kushuka. Linapotoka chini kwenda juu, mshale wa kupanda. Zungushia kila mshale wa kushuka, kwa kuwa hapo ndipo maji hugeuka barafu.

Watu huogopa siku ya −15 na kudharau siku ya 2 juu na −2 chini. Barabarani na kwenye ngazi ni kinyume. Siku ya −15 theluji ni kavu, inalia chini ya kiatu na inashika mguu. Siku inayocheza kwenye sifuri huyeyusha mchana na kugandisha jioni, na kila mzunguko huacha barafu yenye utelezi zaidi ya ile ya jana.

Onyo kubwa: namba ya jedwali ni joto la hewa, haikupimwa ardhini. Hupimwa kwa chombo kilichowekwa kivulini, takriban mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi. Usiku wa anga wazi na upepo tulivu, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi zaidi ya hewa kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo:

- Hewa nyuzi 3, anga wazi, upepo hakuna: chukulia kwamba ardhi inaweza kuwa imeganda.
- Hewa nyuzi 1, mawingu mazito na upepo: ardhi huenda haijaganda. Mawingu hufanya kazi ya blanketi.
- Daraja lolote: chukulia limeganda kabla ya barabara, kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake, na halina udongo wa kulipa joto.

Ndiyo maana neno "anga litafunguka" kwenye utabiri wa jioni si habari njema hata kidogo, ikiwa mchana kulikuwa na mvua au theluji iliyoyeyuka. Ukilikuta, lipigie mstari mara moja.

## Hatua ya 4: Soma kinachoanguka kwa maswali matatu

Kuna uwezekano gani? Asilimia 40 maana yake ni kwamba kuna nafasi 4 kati ya 10 ya mahali pako kupata mvua au theluji inayopimika katika muda uliotajwa. Haisemi itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, wala haisemi ni kiasi gani.

Ni kiasi gani? Jedwali hutoa milimita za maji. Kwa makadirio ya haraka, milimita 1 ya maji ni sentimita 1 ya theluji. Theluji chepechepe karibu na sifuri hushuka hadi nusu ya hapo, na theluji kavu ya baridi kali hufika sentimita 2 au zaidi. Uzito haubadiliki: milimita 1 ya maji ni kilo 1 kwa kila mita ya mraba, iwe imelala kama theluji au imetuama kama maji. Kumbuka hilo ukifikiria paa, hema au mgongo wako ukiwa na koleo.

Ni ya aina gani? Hapa picha za simu hupotosha kuliko mahali pengine popote. Zitofautishe hivi:

*Theluji* huanguka pale hewa ilipo baridi tangu mawinguni hadi chini, au joto la chini likiwa dogo kiasi kwamba haiwahi kuyeyuka. Inaweza kuanguka hata hewa ikiwa nyuzi 1 au 2.

*Theluji iliyochanganyika na mvua* hulowesha kila kitu na kupenya kwenye viatu. Hatari yake ni usiku unaofuata.

*Chembe za barafu* ni matone yaliyoganda kabla ya kufika chini. Hudunda ukizitazama kwenye kiti cha nje au boneti ya gari.

*Mvua inayoganda* ndiyo ya kuheshimu kuliko zote. Juu kuna tabaka la hewa ya joto linaloyeyusha theluji, na chini kabisa kuna tabaka jembamba la baridi chini ya sifuri. Tone hufika likiwa bado maji, likigusa tu kitu, linaganda. Hufunika nyaya za umeme, matawi, mikono ya ngazi na lami kwa ganda angavu. Milimita chache zinatosha kusimamisha mji.

Ukiona maneno "mvua inayoganda" popote katika siku zako tano, kazi ya siku hiyo ni moja: kutotoka saa hizo. Jiandae na umeme kukatika: chaji simu, weka maji na mablanketi. Usiwashe jiko la mkaa wala jenereta ndani ya nyumba. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala.

## Hatua ya 5: Ongeza upepo

Upepo hufanya mambo mawili tofauti, usiyachanganye.

La kwanza ni ngozi. Hewa ya −10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili huhisi kama −20. Baridi inayohisiwa ikipita takriban −28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Masikio, pua na vidole hutangulia. Ngozi ikianza kufa ganzi na kupauka au kuwa kama nta, ingia ndani. Usiisugue, na usiisugue kwa theluji hata ukiambiwa na mzee wa hapo.

La pili ni theluji yenyewe. Iliyo kavu hupeperushwa na kurundikana njiani saa nyingi baada ya kuacha kuanguka. Theluji ya sentimita 5 inaweza kuwa rundo la kufika magotini mbele ya mlango, ikiwa mlango unatazama upepo.

Namba ya baridi inayohisiwa ni ya mwili tu. Upepo hauwezi kushusha gari au bomba la maji chini ya joto halisi la hewa, ingawa huvifikisha huko upesi zaidi.

## Hatua ya 6: Unganisha siku zote ziwe hadithi moja

Chukua mfano huu, upitie kwa kidole kabla ya kufanya wa kwako:

- Jumatatu: mawingu, juu 3. Kuamkia Jumanne −1. Hakuna mvua.
- Jumanne: theluji kuanzia saa 9 alasiri, milimita 8, juu 0. Kuamkia Jumatano −1.
- Jumatano: theluji kugeuka mvua saa 1 asubuhi, milimita 6, kukoma saa 6 mchana, juu 4. Jioni anga kufunguka. Kuamkia Alhamisi −6, upepo tulivu.
- Alhamisi: jua, juu 1. Kuamkia Ijumaa −9, upepo kuanza.
- Ijumaa: mawingu kiasi, juu −3, upepo kilomita 35 kwa saa.

Ukitazama picha tu, siku mbaya ni Jumanne na nzuri ni Alhamisi. Sasa isome kama hadithi.

Jumanne inaleta theluji chepechepe, labda sentimita 5 hadi 8. Jumatano asubuhi mvua inanyesha juu yake, na theluji inaifyonza kama sifongo. Kufikia saa sita mchana, kila mita ya mraba ya njia yako inaweza kuwa imebeba hadi kilo 14 za uji mzito, na mifereji imeziba. Jioni anga linafunguka, mshale wa sifuri unashuka, na usiku kucha uji ule unakuwa jiwe lenye nyayo na alama za magurudumu ndani yake.

Kwa hiyo asubuhi ya hatari kuliko zote ni Alhamisi, ile yenye kapicha ka jua. Na saa ya kushika koleo ni Jumatano kati ya saa 7 mchana na saa 11 jioni, wakati uji bado ni uji. Ukingoja Alhamisi utahitaji sururu. Safisha na mdomo wa mfereji ili maji yaondoke, kisha nyunyiza chumvi kabla ya giza. Chumvi ya kawaida hupungua nguvu sana joto likikaribia −9, kwa hiyo kuamkia Ijumaa tegemea mchanga, ambao hauyeyushi kitu lakini hukupa mshiko.

Alhamisi mchana nyuzi 1 haitasaidia kitu kivulini. Ijumaa asubuhi, −9 na upepo ule huhisiwa kama −19: siku ya kumfunika mtoto masikio na kuacha bomba la ukuta wa nje likidondosha maji kidogo kidogo ili lisipasuke.

Mimi nililijifunza hili kwa kifundo cha mguu. Asubuhi ya jua baada ya siku ya mvua, ngazi tatu tu za kutokea nje, mikono yote mfukoni. Wiki tano nikawa natembea kwa fimbo. Tangu hapo sijasoma siku yoyote bila kusoma ya jana yake.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi moja kwa kila siku inayoanza na "kwa sababu jana": kwa sababu jana ilinyesha na usiku anga likafunguka, leo asubuhi njia imeganda.

## Hatua ya 7: Pima uhakika wa kila siku

Siku ya kwanza na ya pili zitegemee kwa saa. Siku ya tatu itegemee kwa nusu siku: "asubuhi" au "alasiri". Siku ya nne na ya tano zitegemee kwa mwelekeo tu: kutakuwa na baridi zaidi, kutakuwa na upepo.

Watabiri hurudia hesabu moja ya kompyuta mara nyingi kwa mabadiliko madogo ya mwanzo. Kituo kikuu cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati huirudia mara 51. Majibu yakikubaliana, uhakika ni mkubwa. Yakitawanyika, utaona maneno kama "sentimita 2 hadi 15". Ukikuta pengo pana hivyo, usichague namba ya katikati ukaishikilia. Panga kwa ile ya juu kama kosa litakuumiza, na kwa ile ya chini kama litakupotezea muda tu.

Jambo lenye uhakika mdogo kuliko yote ni saa ya theluji kugeuka mvua. Nyuzi moja tu ya tofauti hubadilisha siku nzima.

Kisha fungua ukurasa wa tahadhari. Nchi nyingi hutumia manjano, chungwa na nyekundu, na baadhi hupima mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa madhara na uwezekano wake. Huko manjano inaweza kumaanisha usumbufu mdogo unaotarajiwa sana, au balaa kubwa lenye nafasi ndogo. Soma maandishi yaliyo chini ya rangi ujue ni ipi kati ya hizo mbili.

## Hatua ya 8: Amua, na uandike saa ya kukagua tena

Rudi kwenye orodha ya mambo yako. Mbele ya kila jambo andika moja kati ya haya: *endelea*, *sogeza*, au *ngoja hadi saa fulani*. Safari ya Alhamisi saa 1 asubuhi katika mfano wetu ni *sogeza hadi saa 5*. Safari ya Ijumaa ni *ngoja utabiri wa Alhamisi jioni*.

Kagua utabiri mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kuutazama kila dakika kumi huongeza wasiwasi na hakuongezi habari, kwa sababu hesabu kubwa hutolewa mara chache tu kwa siku. Ukiona umebadilika, tafuta *kilichobadilika*: mshale wa sifuri umesogea? Mvua imechelewa? Basi badilisha mstari huo tu.

## Hatua ya 9: Asubuhi yenyewe, amini macho

Kabla ya kutoka, tazama kipimajoto, kisha tazama chini. Gusa ngazi ya kwanza kwa ncha ya kiatu huku umeshika mlango.

Barafu nyembamba juu ya lami haina rangi. Huonekana kama barabara iliyolowa. Itambue hivi: tazama magurudumu ya gari linalopita. Kama lami inang'aa kwa maji lakini magurudumu hayarushi matone, na mlio wa tairi umefifia ghafla, hiyo ni barafu. Uking'amua ukiwa tayari unaendesha, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani sawa, usikanyage breki kwa nguvu.

Ukitembea, piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, na mikono iwe nje ya mifuko.

Jioni, rudi kwenye karatasi. Andika kando ya kila mstari kilichotokea kwako: theluji ilianza saa ngapi, kipimajoto kilisoma nini utabiri uliposema −6. Baada ya dhoruba tatu au nne utaona mtaa wako huwa chini ya utabiri kwa nyuzi ngapi usiku wa anga wazi. Andika namba hiyo juu ya karatasi ya wiki ijayo, na ukifika Hatua ya 2, uitoe kwenye joto la utabiri wa usiku wa namna hiyo.